Jinsi ya kuiachia ruta kazi ya kugawa anwani za IP

Ubavuni mwa swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao) ya ofisi moja niliyowahi kuitwa kusaidia palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu. Mtu alikuwa ameorodhesha kwa mkono anwani, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni: 192.168.1.11 ya mhasibu, .12 ya mapokezi, .13 imekatwa, .14 imeandikwa mara mbili kwa kalamu mbili tofauti. Hiyo .14 ndiyo iliyonipeleka pale. Kompyuta mbili zilikuwa zinagombania anwani moja. Hii ikiingia mtandaoni, ile inatoka, na wenyewe walikuwa wameshaamini kwamba intaneti ndiyo mbovu.

Kazi ya karatasi ile ruta inaifanya yenyewe, kwa njia inayoitwa DHCP. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1993, na zinazotumika hadi leo kwa anwani za IPv4 (hizi za namba nne zenye nukta) ni za mwaka 1997. Karibu kila ruta ya nyumbani huja ikiwa nayo, tena mara nyingi imeshawashwa. Ugumu hauko katika kuiwasha. Uko katika kuiwekea mipaka, na katika kuhakikisha mgawaji ni mmoja tu. Ukiwa na haraka unaweza kurukia utakako, ila sehemu ya ruta ya pili usiiache.

Kifaa kinapopiga hodi

Simu inayojiunga na waifai mara ya kwanza haina anwani, wala haijui ruta iko wapi. Basi inapiga hodi kwa nyumba nzima: inatuma ujumbe kutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, kwamba yeyote mwenye kugawa anwani aitike. Ruta inaitika kwa kupendekeza anwani moja. Simu inasema sawa, naiomba hiyo. Ruta inathibitisha. Pamoja na anwani, simu inakabidhiwa pia kipimo cha mtandao ("subnet mask", kwa mfano 255.255.255.0), anwani ya lango la kutokea kwenda intaneti, na anwani za DNS, yaani za wanaogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ni jumbe nne tu, na kwa kawaida zinakwisha kabla hujairudisha simu mfukoni.

Kuna mawili ya kushika hapa, maana yatarudi. Kwanza, hodi inasikika na wote, kwa hiyo akiwapo mgawaji mwingine naye ataitika, na mara nyingi anayewahi ndiye anayesikilizwa. Pili, anwani haitolewi moja kwa moja. Inakodishwa kwa muda.

1. Jua ruta inakaa anwani gani

Tumia kompyuta iliyounganishwa kwa kebo kwenye moja ya matundu ya LAN (mtandao wa ndani) ya ruta. Kwa waifai inawezekana, lakini kila ukibadilisha jambo unaweza kukatwa katikati ya kazi, ukabaki hujui kama mabadiliko yameshika.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, utafute mstari wa "Default Gateway". Kwenye Linux andika `ip route` na usome namba inayofuata neno "via" katika mstari unaoanza na "default". Kwenye simu, gusa jina la waifai uliyojiunga nayo, ufungue maelezo yake, halafu utafute lango au ruta. Utakuta kitu kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

Ikiwa DHCP imezimwa kabisa, kompyuta haitapata chochote, na Windows itajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Hapo jiwekee anwani kwa mkono kwa muda. Kama kibandiko kilicho chini ya ruta kinasema 192.168.1.1, iwekee kompyuta 192.168.1.50, kipimo 255.255.255.0. Ukimaliza kazi irudishe kwenye kupata anwani yenyewe. Watu husahau hili, kisha wanashangaa kwa nini kompyuta inakataa mtandao wa kwingine.

2. Ingia ndani

Fungua kivinjari, andika `http://` ikifuatiwa na anwani ile, mahali pa kuandikia anwani za tovuti. Hiyo `http://` usiiache, kwa sababu vivinjari vingine vitaichukulia namba kama neno la kutafuta. Kivinjari kikilalamika kwamba ukurasa si salama, kwa ruta iliyo mbele yako hilo ni la kawaida.

Jina na nenosiri la kuanzia viko kwenye kibandiko. Kama nenosiri bado ni lile la kiwandani, libadilishe sasa hivi kabla ya jambo lingine. Mgawaji wa anwani ndiye anayeviambia vifaa vyote vipitie wapi na viulize majina ya tovuti kwa nani. Mtu akikishika kiti hicho, ameshika nyumba nzima.

Kabla ya kugusa chochote piga picha ya kila ukurasa utakaoubadilisha. Ruta nyingi zina kitufe cha kuhifadhi nakala ya mipangilio, nacho kitumie, lakini mimi bado napiga picha. Picha unaisoma hata ruta ikiwa imezimwa.

3. Chagua mtaa wa anwani

Fungua ukurasa wa LAN. Hapo ndipo anwani ya ruta yenyewe inapowekwa, na ndiyo inayoamua anwani za vifaa vyote zitaanzaje. Kwa mitandao ya ndani zimetengwa safu tatu: kuanzia 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, kuanzia 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na kuanzia 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Usitoke nje ya hizo. Ukijibunia namba nyingine unaweza kuangukia anwani za watu walio kwenye intaneti, na tovuti zao hutazifikia kamwe.

Je, ubadilishe ile uliyoikuta? Mara nyingi hakuna haja. Ila kama ruta yako imechomekwa nyuma ya kifaa cha kampuni ya intaneti ambacho nacho ni ruta, na vyote viwili vinatumia 192.168.1.1, lazima kimoja kihame. Ruta haiwezi kuwa na mtaa uleule pande zote mbili. Haitajua mzigo iupeleke wapi. Tatizo kama hilo huwapata wanaounganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao wa kazini kwa VPN, ile njia ya faragha inayopita juu ya intaneti. Kwa hiyo ninapopanga mtandao mpya huwa naukwepa mtaa wa 192.168.0 na wa 192.168.1, naenda kwenye namba isiyo na wengi. Katika mfano wetu ruta itakuwa 192.168.50.1, kipimo 255.255.255.0.

Ukihifadhi badiliko hili utakatwa, na ndivyo inavyotakiwa. Chomoa kebo, subiri kidogo, uichomeke tena ili kompyuta ipige hodi upya, kisha uingie kwa anwani mpya.

4. Washa DHCP na uweke mipaka ya fungu

Ukurasa wa "DHCP Server" mara nyingi uko palepale kwenye LAN au chini ya "Network". Weka alama ya kuwasha, halafu uje kwenye mahali pawili panapoamua mengi: anwani ya kuanzia na ya kuishia.

Kwa kipimo cha 255.255.255.0 una anwani 254 za kutumia, kuanzia .1 hadi .254. Ile .0 ni jina la mtandao wenyewe na .255 ni ya kutangazia wote. Kosa ninaloliona sana ni kuliacha fungu, yaani anwani ambazo DHCP inaruhusiwa kugawa, likameza zote, kuanzia .2 hadi .254. Siku utakapotaka printa au kamera ikae mahali pamoja daima, hutakuwa na kiwanja kilichobaki wazi. Mimi hugawanya hivi:

- 192.168.50.1 ni ya ruta
- 192.168.50.2 hadi .99 ni za vifaa visivyohama: printa, kamera, seva, swichi, ruta ya pili
- 192.168.50.100 hadi .199 ni fungu la DHCP
- 192.168.50.200 hadi .254 ni akiba

Kuanzia .100 hadi .199 ni anwani 100, si 99, maana ya mwanzo nayo inahesabiwa. Zinatosha? Hesabu vifaa vyako kwa ukweli, pamoja na runinga, saa ya mkononi na vile vya wageni, kisha uzidishe kwa mbili. Kwa nyumba, 100 ni nyingi. Kwa ukumbi unaopokea watu wengi, huenda zikakwisha kabla ya mchana, na hapo swali si ukubwa wa fungu peke yake, ni muda wa kukodi pia.

5. Muda wa kukodi

Kifaa kikishapewa anwani hukaa nayo kwa muda uliopangwa. Muda ukifika nusu, kinamwomba mgawaji wake akiongezee. Asipoitika, kinaendelea kujaribu, na ikifika asilimia 87.5 ya muda kinapiga hodi kwa mgawaji yeyote. Muda ukiisha bila jibu, kinaiachia anwani.

Kwa nyumba na ofisi ndogo saa 24 zinatosha kabisa. Kwa mahali pa wageni weka saa moja au mbili. Sababu ni kwamba mtu akiondoka na simu yake, simu kwa kawaida haiagi. Anwani yake inabaki imeshikwa mpaka muda uishe, ingawa mwenyewe yuko kilomita nyingi. Chukua fungu la anwani 100, muda wa saa 24, na wageni 150 kwa siku: mgeni wa 101 atakaa kwenye "Inapata anwani ya IP…" hadi achoke, huku ndani wamekaa watu kumi tu.

Angalia kipimo cha muda kabla ya kuandika. Ruta nyingine zinahesabu dakika, nyingine sekunde. Saa 24 ni dakika 1440, au sekunde 86400. Ukiandika 120 ukidhani ni dakika, kumbe ni sekunde, vifaa vyote vitakuwa vinaomba nyongeza kila baada ya dakika moja.

6. Lango na DNS

Lango ni ruta yenyewe, 192.168.50.1. Kwenye ruta nyingi za nyumbani ukiacha nafasi hiyo tupu, au 0.0.0.0, itajiweka yenyewe.

Kwenye DNS una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha ruta iwe ndiyo inayoulizwa, nayo iulize huko juu. Ya pili ni kuviambia vifaa viulize moja kwa moja, kwa mfano 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google. Zote zinafanya kazi. Ila kama umeweka DNS ya kuzuia tovuti zisizofaa kwa watoto, usijaze nafasi ya pili kwa DNS isiyozuia ukidhani ni ya dharura tu. Vifaa vingi havisubiri ya kwanza ife ndipo viende kwa ya pili. Vinachanganya, na kizuizi chako kitavuja. Nafasi ya pili weka anwani nyingine ya huduma hiyohiyo.

7. Hifadhi, kisha ujaribu

Bonyeza "Save". Ruta nyingine zina "Save" na "Apply" mbalimbali, na usipobonyeza zote mbili hakuna kilichobadilika. Baada ya hapo, kwenye Windows:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
ipconfig /all
```

Amri ya kwanza inaiachia anwani ya zamani, ya pili inapiga hodi upya, ya tatu inakuonyesha ulichopewa. Soma kwa makini mistari minne: "IPv4 Address" iwe kati ya .100 na .199, "Default Gateway" iwe 192.168.50.1, "DNS Servers" ziwe ulizoweka, na "DHCP Server" iwe 192.168.50.1. Huo wa mwisho wengi huupita bila kuutazama, nao ndio unaokwambia aliyekuhudumia ni nani. Kwenye simu inatosha kuzima waifai na kuiwasha.

8. Vifaa visivyotakiwa kuhama

Printa ikibadilisha anwani, kompyuta zitaendelea kutuma kazi kule kwa zamani. Unaweza kuiwekea printa anwani kwa mkono, lakini hapo unarudi kwenye karatasi ya selotepu. Afadhali kuitengea kwenye ruta. Printa inaendelea kupiga hodi kama wengine, ila ruta inaitambua na kuipa anwani ileile kila mara, na orodha yote inakaa mahali pamoja.

Tafuta ukurasa wa "Address Reservation" au "Static DHCP". Unahitaji anwani ya MAC ya kifaa, ile alama ambayo kifaa kinatoka nayo kiwandani: tarakimu na herufi 12 zilizopangwa mbili mbili. Iko kwenye kibandiko cha kifaa, au unaichukua kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ambako ruta nyingi zinakuruhusu kuchagua tu bila kuandika. Printa zenye kebo na waifai zina MAC mbili tofauti, basi hakikisha umechukua ya njia inayotumika. Ruta nyingine hukubali utenge anwani iliyo nje ya fungu, kama .20, nyingine hutaka iwe ndani ya fungu. Ikikataa, chukua .100 na uendelee.

Kwa simu kuna mtego. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 10, na za iPhone kuanzia iOS 14, hujificha kwa kutumia MAC ya kubuni. Kama unaitengea simu anwani, ingia kwenye maelezo ya waifai hiyo ndani ya simu uchague MAC halisi ya kifaa.

Ruta ya pili, na siku nusu ya ofisi ilipopotea

Sasa tuje kwenye hodi inayoitikiwa na wawili. Ofisi ile ya karatasi ilinipigia tena miezi kadhaa baadaye. DHCP ilikuwa inafanya kazi vizuri, lakini tangu asubuhi kila aliyewasha kompyuta alikuwa akibahatisha: wengine wanapata intaneti, wengine hawapati, na ukizima na kuwasha wanabadilishana zamu. Niliomba `ipconfig /all` ya aliyekwama. Anwani yake ilikuwa 192.168.0.104, na "DHCP Server" ilikuwa 192.168.0.1. Mtandao wetu haukuwa na mtaa huo.

Mfanyakazi mmoja alikuwa ameleta ruta ndogo kutoka kwake ili waifai ifike chumbani mwake. Alikuwa ameichomeka kwenye swichi kupitia tundu la LAN, ikiwa na DHCP yake imewashwa. Kila hodi iliyopigwa, ruta hiyo nayo iliitika, na mara nyingi ndiyo iliyowahi. Nia ya mfanyakazi ilikuwa njema.

Kuongeza ruta ya pili kwa ajili ya kusambaza waifai si kosa. Kama ina hali ya "Access Point", ichague nayo itazima DHCP yenyewe. Kama haina, fuata mpangilio huu, na ufuate hivyohivyo bila kupindua:

1. Unganisha kompyuta na ruta ya pili peke yake, mbali na mtandao.
2. Badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.50.2. Utakatwa, ingia tena kwa anwani hiyo.
3. Zima DHCP yake, uhifadhi.
4. Chukua kebo kutoka tundu la LAN la ruta ya kwanza, ichomeke kwenye tundu la LAN la ruta ya pili. Lile la "WAN" au "Internet" liache tupu.

Ukianza kwa kuzima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, kompyuta yako inaweza kubaki bila anwani na ukajifungia nje.

Na kama unamshuku mgawaji aliyejificha usiyejua yuko wapi, kwenye kompyuta iliyonaswa naye andika `arp -a`, amri inayoorodhesha anwani za IP pamoja na MAC zake, usome MAC iliyo mkabala na anwani yake. Nusu ya kwanza ya MAC hiyo kwa kawaida humtaja mtengenezaji, na hapo unajua unatafuta kisanduku cha chapa gani chini ya meza za watu. Swichi za kazi kubwa zina kinga iitwayo DHCP snooping, inayokubali majibu ya DHCP kutoka tundu uliloliamini tu.

Kama ruta yako ni ya amri

Kwenye ruta za Cisco zenye IOS (mfumo wa Cisco, si ule wa iPhone), mpango wetu wote ni mistari hii, baada ya upande wa ndani wa ruta kupewa 192.168.50.1:

```
ip dhcp excluded-address 192.168.50.1 192.168.50.99
ip dhcp excluded-address 192.168.50.200 192.168.50.254
ip dhcp pool OFISI
 network 192.168.50.0 255.255.255.0
 default-router 192.168.50.1
 dns-server 1.1.1.1 1.0.0.1
 lease 1
```

Hapa mantiki imegeuzwa. Hutaji fungu, unataja zisizoguswa, na zinazobaki ndizo zinazogawiwa. `lease 1` ni siku moja. Ukitaka saa nane andika `lease 0 8`. Waliokwisha kupewa utawaona kwa `show ip dhcp binding`. Ikiwa mgawaji yuko upande wa pili wa ruta, hodi haivuki yenyewe, kwa hiyo kwenye upande walipo wateja ongeza `ip helper-address` na anwani ya mgawaji.

Ikigoma

Kifaa kikionyesha 169.254, hodi haikuitikiwa. Angalia kebo, angalia kama DHCP imewashwa na kuhifadhiwa, kisha ufungue orodha ya waliokodi uone kama fungu limejaa. Anwani ikiwa sahihi lakini tovuti hazifunguki, jaribu `ping 1.1.1.1`, amri inayouliza kama anwani hiyo inafikika. Ikijibu, kasoro iko kwenye DNS. Isipojibu, tazama lango. Ukiambiwa anwani imegongana, mara nyingi yupo aliyejiwekea kwa mkono anwani iliyo ndani ya fungu. Mtafute kwa MAC kwenye `arp -a`, umrudishe kwenye kupata anwani yenyewe, halafu uitengee ile anwani kwenye ruta kama kweli anaihitaji.